Besi ya mvule, nyuzi tano: nibadilishe kiwiliwili?

Besi_Arua:
Ndugu wapiga besi, naomba ushauri. Fundi mmoja wa Kampala, kule Ndeeba kwenye mbao, amenitengenezea gitaa la besi la nyuzi tano. Kiwiliwili ni mvule mtupu, shingo ni mahogani ya vipande vitatu, na urefu wa uzi ni inchi 35 badala ya zile 34 nilizozoea.

Jumapili niliipiga kanisani kwa mara ya kwanza. Uzi wa B, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, kwenye besi yangu ya zamani ulikuwa unalegea na kunguruma tu, huwezi kujua ni noti gani. Huu unasema! Tulipoingia sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, nilishuka mpaka chini kabisa bila woga, mpiga ngoma akageuka kuniangalia.

Lakini ina kilo 5.2, na ibada yetu ni saa tatu nzima. Bega liliniuma mpaka Jumanne. Tena nikiachia mkono, shingo inazama. Fundi yuko tayari kuchonga kiwiliwili cha musizi, mti mwepesi. Naogopa kuipoteza ile B.

Sebene_Kla:
Kaka, B haitapotea. Siri ni hizo inchi 35: uzi uleule, noti ileile, ila umekazwa zaidi. Yangu ni ya musizi, napiga nayo Kabalagala, hapa Kampala, mwaka wa nne huu, na B ni safi. Ubaya wake ni ulaini. Skrubu za daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili, zimeshalegea mara mbili.

DadaBesi:
Sebene, hilo la shingo umelirukia. Musizi itamzidishia! Kiwiliwili kikiwa chepesi, kichwa cha shingo ndicho kinashinda. Kaka wa Arua, tazama kitufe cha juu cha mkanda: kimefika usawa wa freti ya 12, kile chuma cha 12 cha shingoni? Halafu badilisha funguo za kukazia nyuzi, weka nyepesi. Zile tano za chuma kizito ndizo zinazovuta. Na mkanda uwe mpana, wa ngozi. Nailoni inateleza begani.

Besi_Arua:
Asante sana, Dada. Nimepima, kitufe kiko freti ya 14, hakijafika 12. Mkanda wangu ni nailoni, tena mwembamba.

Nimempigia fundi. Mvule inabaki. Ataweka funguo nyepesi na kuchonga kidogo nyuma, pale panapokaa tumbo, ingawa amelalamika kwamba vumbi la mvule linamwasha koo. Nimemwomba avae barakoa. Besi inaondoka na basi la kesho usiku, na Jumapili narudi kwenye ile ya zamani. Kwaya wameshaanza kuuliza.