Nyie watu wa tamasha, mmemfunga mwenzetu mlemavu kamba kwenye mtumbwi, mkapiga picha, halafu mnasema tumeshindana?

Asalaam alaykum jamani. Nimekaa siku tatu siandiki kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira, leo naandika na hasira bado zipo. Uzi ni mrefu. Asieweza kuusoma wote aruke, lakini hapo kwenye kamba afike.

Mie mtu wa Pemba, upande wa Wete, mguu wa kushoto nimekatwa chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Tuko wanne tunaopiga makafi pamoja. Mmoja alianguka mkarafuu wakati wa vuno, tangu siku hiyo kiunoni kushuka chini hasikii kitu. Mwingine alikuwa mpiga mbizi wa majongoo ya bahari, anapumua kwa mpira wa kompresa, siku moja akapanda juu haraka kuliko mwili unavyotaka na miguu ikalegea, sasa anatembelea magongo. Hawa wawili si watu wa ajabu huku kwetu, kila anaekaa Pemba anamjua mtu alieanguka mkarafuu. Wa nne ni dada yetu wa Kojani, polio ilimpata utotoni mguu mmoja ukasinyaa, na huyu ndo anaetushinda sote, kwa sababu Kojani ni kisiwa, mtoto wa kule anashika kafi kabla hajashika kalamu.

Wakatufuata watu wa tamasha moja la pwani, jina silitaji na wenyewe wanajijua. Wakasema safari hii ukiacha resi za ngalawa za tanga patakuwa na mbio za makafi za watu wenye ulemavu, mita 200 kama Paralimpiki, yale mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu, wanaume kivyao wanawake kivyao, saa tisa na nusu alasiri maji yakiwa yanamalizia kujaa, na kila mtu atapimwa kwa saa. Hayo maneno ya saa waliyasema wao, sie hatukuomba. Dada wa Kojani akauliza mara mbili, kweli na wanawake wamo? Akaambiwa wamo.

Basi tukajifunza miezi minne. Nataka mjue tulivyojifunza maana watu wanadhani tumeokotwa siku ile tukatiwa majini.

Diko letu, yaani pale tunapofunga mitumbwi, maji yakikupwa ni matope na mawe, mtu wa magongo hapiti na kiti cha magurudumu ndo kabisa, kwa hiyo tunafuata maji, bamvua, maji yakijaa sana, tunaingia alasiri, maji mafu, yakijaa kidogo, tunaingia asubuhi, na hapo katikati ziko siku hatuingii kabisa. Yule wa mkarafuu anabebwa mgongoni na mdogo wake kutoka barabarani mpaka mtumbwini, na mdogo wake ni mvuvi, kila siku aliyotubebea ni siku hajaenda kutega. Mtumbwi tumeazimwa na mzee mmoja Allah amlipe, mtumbwi wa mwembe mzito, kuusukuma unataka wazima wanne.

Kazi kubwa ikawa kiti. Mtu aliepooza kiuno ukimkalisha mtumbwini hivi hivi anaanguka ubavu akivuta kafi mara mbili, kwa sababu misuli ya tumbo na mgongo haimshiki. Tukakata dumu la lita 20 tukalifanya egemeo la mgongo, chini tukaweka sponji ya godoro mara tatu, maana ngozi ya makalio yake haisikii, akikalia msumari au kokoto hajui mpaka kidonda kishatoka, na kidonda cha kukalia kikipata maji ya chumvi kinaweza kumlaza miezi. Tulishamlaza wiki tano kwa kosa letu wenyewe mwanzo wa mazoezi, mkunjo mdogo tu wa sponji. Mkanda wa kumshika kifuani tukafanya kwa tyubu ya baskeli yenye kishikizo, akikivuta kwa mkono mmoja mara moja anakuwa huru. Tukaujaribu pale maji ya kifuani, tunampindua makusudi, anavuta, anatoka, tunamdaka. Zaidi ya mara ishirini tulimpindua. Mke wake alikuwa anakaa ufukweni anageuza uso.

Mita 200 tukapima kwa kamba ya nailoni yenye fundo kila mita kumi, dumu huku dumu kule. Saa ni ya simu. Dada wa Kojani kwa mtumbwi ule mzito alifika dakika 1 na sekunde 38. Wanaume wanaochukua dhahabu Paralimpiki wanamaliza chini ya dakika moja, lakini wao wana chombo cha mbio na maji yaliyotulia, sie tuna gogo la mwembe na upepo wa kusi ubavuni. Aliposikia muda wake akalia. Hajawahi kupimwa kitu chochote maishani mwake isipokuwa uzito kliniki.

Siku ikafika. Saa nane tuko pwani na mtumbwi wetu na kiti chetu. Saa tisa na nusu wakasema subirini ngalawa zimalize. Ngalawa zikamaliza. Wakasema subirini hotuba. Hotuba ya kwanza, ya pili, zawadi za ngalawa, ngoma, hotuba tena. Saa kumi maji yakasimama kwenye ujazo wake, tunayaangalia. Saa kumi na moja yanakupwa. Saa kumi na mbili kasorobo, watu wanatawanyika kuwahi Maghrib, mgeni rasmi keshaondoka na gari zake, ndo spika inaita "na sasa ndugu zetu walemavu watatuonesha."

Watatuonesha! Sie tulikwenda kushindana.

Mtumbwi wetu wakaukataa, eti hauna rangi ya tamasha. Wakatupa mitumbwi yao iliyopakwa rangi, haina kiti haina kitu. Nikasema huyu mwenzetu hawezi kukaa bila egemeo, kiti chake hiki hapa. Kijana wa kamati akasema hakuna muda, jua linazama, mpiga picha anataka mwanga. Akachukua kamba ya manila, wakamzungusha kiunoni mara mbili, wakaifunga kwenye fito ya mtumbwi kwa fundo. Fundo, jamani. Hana laifu jaketi. Bamvua, maji yanakupwa, mkondo unavuta nje, na mtu miguu yake haifanyi kazi kafungwa kwenye mti unaoweza kupinduka. Mdogo wake akapiga kelele "mfungueni kaka yangu!" akasukumwa pembeni na watu wa ulinzi wakidhani ana fujo.

Mie nilikuwa nishaingizwa mtumbwi mwingine nikarudi majini kwa mguu mmoja, nikamfikia kwa kujivuta, kisu nikaombea kwa mvuvi, nikakata. Mtumbwi ulishaingia maji nusu. Angepinduka kabla sijafika leo nisingekuwa naandika uzi, ningekuwa matangani.

Mchezo wenyewe ukafanyika hivyo hivyo. Umbali hakuna aliepima, kutoka boya moja hadi mbele ya jukwaa. Mie mwenye goti na kiuno kizima nikatiwa pamoja na mpiga mbizi ambae miguu yote miwili haina nguvu, nikamwacha mbali, wakanipigia makofi. Ushindi wa namna hiyo ni aibu kwangu. Dada wa Kojani akaambiwa wanawake hawamo, muda umekwisha. Miezi minne! Hakuna alieshika saa. Tulipotoka majini tukapewa kila mmoja mfuko wa unga na sukari, tukapangwa mstari, tukaambiwa tucheke. Usiku wakapost picha, maneno yake "mashindano ya watu wenye ulemavu yafana." Mwenzetu mwenye kamba kiunoni yumo kwenye picha, na kamba inaonekana.

Kesho yake nikawapigia. Nikajibiwa kwa upole kabisa, na upole ule ndo ulionichoma: "Kaka, huo mchezo ni wa Wazungu, una vifaa vyake, sie huku tunawapa moyo tu."

Sasa hapa naomba mnisikilize maana hii kauli inarudiwa na watu wengi wasiojua.

Mtumbwi wa watu wenye ulemavu uliingia Paralimpiki Rio 2016, mbio sita, zote za kayaki, mtumbwi mwembamba unaopigwa kwa kafi la pande mbili. Tokyo wakaongeza mbio za chombo kingine kinaitwa va'a, zikawa tisa. Paris 2024 zikawa kumi, tano za wanaume tano za wanawake, sawa kwa sawa, na kila moja ni mita 200. Tano za wanawake. Dada yetu kaambiwa muda umekwisha.

Na hiyo va'a ni nini? Ni mtumbwi mwembamba wa watu wa visiwa vya Pasifiki wenye gogo la kuelea ubavuni, umeshikwa kwa fito mbili, hauna usukani, unapigwa kwa kafi la upande mmoja. Ukimuonesha mzee yeyote wa Tumbe au Nungwi picha yake atakwambia hii ngalawa iliyopotezwa rengu moja, yaani gogo moja la ubavuni. Tofauti ndo hiyo, yetu ina marengu mawili yao ina moja. Wanaosoma historia wanasema hata elimu ya marengu ilifika pwani yetu kwa watu wa bahari wa jamaa moja na hao, waliotoka upande wa Indonesia wakafika mpaka Madagaska. Kwa hiyo mtu asinambie huu mchezo si wetu. Va'a ya mashindano ina urefu usiozidi mita 7.30 na uzito usiopungua kilo 13, yaani inaweza kuwa nyepesi kuliko ndoo ya maji ya lita 20, hiyo kweli hatuna na bei yake hatuiwezi. Lakini kutenganisha watu kwa ulemavu wao kunataka pesa gani? Madaraja ni matatu kwa kayaki na matatu kwa va'a. La kwanza ni la mtu anaesukuma kwa mabega na mikono tu, kama wetu wa mkarafuu. La pili ni la anaeweza kukaa wima kwa kiasi na miguu dhaifu. La tatu kiwiliwili kinafanya kazi na mguu unasaidia kidogo, na humo ndo ningeingia mie. Wapimaji wanaangalia mwili nchi kavu, kisha wanamuangalia mtu akipiga kafi. Wapimaji wa kimataifa hatuna, sawa, lakini mtu yeyote wa mazoezi ya viungo hospitali angekwambia kwa dakika kumi kwamba mie na mpiga mbizi hatufai kuwekwa pamoja.

Na hivyo viti na mikanda vinaruhusiwa, kila mchezaji anatengenezewa cha kwake, sharti mkanda ufunguke haraka chombo kikipinduka. Kile kile tulichokifanya kwa tyubu ya baskeli. Sie tulikuwa na kanuni mkononi wao wakaja na manila.

Wazungu peke yao? Dhahabu ya kayaki daraja la tatu wanaume Paris 2024 ilichukuliwa na Brahim Guendouz wa Algeria. Muafrika, mwenzetu. Kuna Curtis McGrath wa Australia, askari aliepoteza miguu yote miwili kwa bomu Afghanistan 2012, miaka minne baadae kachukua dhahabu Rio na Tokyo akachukua mbili. Hawa hawakupewa unga wakaambiwa wacheke. Walipewa mstari wa kuanzia, njia yao ya maji, na saa.

Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009 na Ibara ya 30 inazungumzia michezo waziwazi, kushiriki kwa usawa na wengine. Unga haumo.

Sisemi sadaka mbaya, mtu akinipa unga nyumbani kwangu nitamuombea dua. Lakini usinite kwenye mashindano ukanipa sadaka, kwa sababu hapo umeniambia mbele ya watu kwamba miezi yangu minne haikuwa kitu. Wetu wa mkarafuu tangu siku ile hajataka kurudi majini. Anasema maji hayaogopi, anaogopa watu. Na mtu huyu maji ndo mahali pekee ambapo hatambai, anakaa kama sie wengine, anakwenda anakotaka kwa mikono yake.

Tunachotaka. Ile picha yenye kamba itolewe leo. Mwenzetu aombwe radhi nyumbani kwake mbele ya mke wake na mdogo wake, sio kwa simu. Na mwakani kama mtatuita, tupangwe wa mwanzo maji yakiwa yamejaa, tukae kwenye viti vyetu, kila mtu laifu jaketi, boti ya uokozi majini, dada apate mbio yake hata kama ni wanawake wawili tu, na mtu ashike saa.

Nyongeza: wanaonambia niwataje, siwataji, nataka warekebishe na sio watukanwe. Na wanaouliza wasaidieje, pesa msitume. Bamvua ijayo kuanzia saa tisa alasiri tuko dikoni, kamba yetu ya mita 200 tunaitandika wenyewe. Tunahitaji laifu jaketi nne hata za zamani, fundi wa kutuwekea mtumbwi mwembamba rengu moja, na mtu mwenye saa nzuri ya kupimia sekunde maana simu yangu kioo kimepasuka. Dada wa Kojani keshasema anakuja. Yule mwenzetu nitampitia mwenyewe nimuombe, kiti chake kiko kwangu, sponji nimeshaibadilisha.