Kihispania kwa wanaoanza: karatasi ya matamshi ya Kiingereza ibaki au itupwe?

Msafiri wa Houston
Habari zenu ndugu. Nasoma Kihispania jioni hapa Houston, darasa la watu wazima. Wote wamekulia kwenye Kiingereza isipokuwa mimi na dada mmoja wa Burundi. Tumegawiwa karatasi: gracias imeandikwa GRAH-see-us, buenos días imeandikwa BWAY-nohs DEE-us. Eti inamwondolea hofu anayeanza. Mimi naona inamharibu. Jirani yangu wa dawati ana wiki sita na karatasi hiyo, na mpaka leo "no" yake ni "nou", "de" yake ni "dei", na kila a ya mwishoni anaimeza. Kihispania kina vokali tano tu na hakuna hata moja inayomezwa. Kwa nini tusifundishwe herufi zenyewe tangu siku ya kwanza? Sisi Waswahili tulizimaliza hizo vokali kabla chai haijapoa.

Mwalimu Jioni
Ndugu Msafiri, kazi hiyo ya kufundisha watu wazima ndiyo inayonilisha. Mtu katoka kazini kachoka, ukimwekea quiero mbele yake atasema "kwiero". Herufi zinamponza kwa sababu anadhani anazijua. H ya hola haitamkwi, qu ni k, v ya vaca inasikika b, j ya jamón ni kh ya kheri. Karatasi ni mkongojo tu, mguu ukipona anauacha.

Binti Mkunazini
"Sisi Waswahili tulizimaliza." Vokali sawa, konsonanti je? Chukueni dedo, kidole. D ya kwanza ni d kavu, ya pili imekaa katikati ya vokali na inalainika, inakuwa kama dh ya dhahabu. Nada inasikika "nadha". Z ya Madrid ni th ya thelathini. Sisi wa Unguja tunazo zote tangu chuoni. Wenzetu wa bara wanaosema zahabu na selasini watazitoa wapi? Wasimcheke Mwingereza, yeye dh na th anazo tangu kuzaliwa.

Kijana wa Mwanza
Umeanza, dada. Mtu kauliza habari za karatasi, wewe umetuletea ubara. Bibi yangu kasema selasini maisha yake yote na hakuna mwenye duka aliyewahi kumrudishia chenji pungufu kwa ajili hiyo. Halafu hiyo th unayoisifu, wasemaji wengi wa Kihispania hawana habari nayo. Mexico ni "grasias", Bogotá "grasias", Lima, Havana, kote huko. Nilisikia ilianza kwa mfalme mmoja mwenye kithembe, watu wa ikulu wakamuiga. Ndiyo mnatupimia hiyo?

Mzee wa Vitabu
Kijana, hadithi ya mfalme inapendwa sana lakini si ya kweli. Angekuwa na kithembe, s zote zingegeuka th. Nenda Madrid leo: casa, nyumba, wanaitamka kwa s safi. Caza, uwindaji, kwa th. Sauti hizo zilihama taratibu karne ya 16 na ya 17. Kaskazini zikabaki mbili, na sehemu kubwa ya Andalusia, kusini mwa Uhispania, zikawa moja. Sevilla ndiyo iliyokuwa bandari ya kwendea Amerika, na wahamiaji wengi wa mwanzo walikuwa watu wa kusini, basi s ikapanda merikebu pamoja nao. Real Academia Española, taasisi inayosimamia Kihispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, inayakubali matamshi yote mawili.

Binti Mkunazini
Inayakubali, ahsante mzee, lakini hasara ipo. Nyumba na uwindaji zikisikika sawa, si mpaka ukisie? Kwetu ni thamani na samani, dhana na zana. Mtu akiniambia "hii ni zana muhimu" sijui kama anazungumzia wazo au jembe.

Mama Lubumbashi
Wewe dada, ukisikia sentensi yote utajua. Kwetu tunasema feza na zambi, mpaka kanisani, na hakuna muumini aliyetoka bila kuelewa mahubiri. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza walipokutana Mombasa na kuchagua Kiunguja kiwe sanifu, sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, hakuna aliyetuuliza. Mexico peke yake ina watu zaidi ya mara mbili ya Uhispania. Nani atawaambia wote hao kwamba wanakosea?

Msafiri wa Houston
Ndugu zangu, karatasi! Jana niliifunika ya jirani yangu nikamwandikia maneno mawili: pero, lakini, na perro, mbwa. Karatasi yake inaandika PEH-roh kwa yote mawili! Alikuwa anaviringisha ulimi mpaka jasho linamtoka. Nikamwambia aseme "butter" haraka, kama anavyosema kila siku. Pale katikati Mmarekani hatamki t, ulimi unagonga mara moja tu nyuma ya meno. Hiyo ndiyo r ya pero, na ndiyo r ya karibu. Dakika mbili akaipata. Kumbe alikuwa nayo mdomoni siku zote, karatasi ikamficha.

Mwalimu Jioni
Hiyo ya "butter" kesho naipeleka darasani. Kwa r umenishinda. Kuhusu z, wanafunzi wangu wengi wana wakwe wa Mexico, nawafundisha s na sitabadilisha. Ila dada Binti, mimi ni mtu wa Dodoma, na lile neno lako la bara limeniingia.

Binti Mkunazini
Sikumtukana bibi wa mtu. Nilipohamia Dar, nilisema "thelathini" ndani ya daladala, konda akairudia kwa sauti na abiria wakacheka, mmoja akasema najifanya Mwarabu. Herufi niliyofundishwa na marehemu babu. Toka siku hiyo nikishuka namwonyesha konda vidole.

Kijana wa Mwanza
La daladala silitetei, dada. Pole kwa hilo. Lakini bibi yangu naye aachiwe selasini yake.