Stempu za babu: mchuuzi, mnada, au nizipime mwenyewe?

Binti_Ngamiani: Wakuu, habari zenu. Marehemu babu alikuwa karani wa posta Tanga. Katuachia albamu mbili na kopo la biskuti limejaa bahasha. Mchuuzi wa vitu vya kale katamka laki mbili kwa vyote, hata kurasa za nyuma hakufunua. Shemeji anasema nipeleke mnadani London. Nifuate lipi?

Mzee_wa_Kibano: Mjukuu, pole na msiba. Kwanza kopo hilo liache kama lilivyo, usibandue stempu hata moja. Stempu za kawaida za Tanganyika zimejaa tele, ila bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka wa kijiposta cha bara, wenye mikusanyo huigombania.

Gundi_Asilia: Mnada unakula kamisheni, na mzigo mdogo wengi hawaupokei. Mimi nilipima mwenyewe kwa katalogi ya Stanley Gibbons, kampuni ya stempu ya Uingereza. Ila usishangilie bei za mle, ni za muuzaji, tena kwa stempu safi. Jino la ukingo wa stempu likikatika, au yale madoa ya kahawia ya joto la pwani yakiingia, shusha sana. Nunua na kipimo cha meno: zile za Mfalme George wa Sita za Kenya, Uganda na Tanganyika, kuanzia 1938, picha ni ile ile lakini meno yanatofautiana, na bei nazo zinaachana mbali.

Mwana_Shangani: Dada, za Zanzibar zenye neno JAMHURI zipo?

Binti_Ngamiani: Zipo tatu kaka! Sura ya Sultani, JAMHURI imegongwa juu yake kwa wino mweusi.

Mwana_Shangani: Taratibu. Mihuri ile ya mpira ya JAMHURI, iliyogongwa 1964 baada ya Mapinduzi, imeigizwa mno. Chukua lenzi usome tarehe ya posta. Mapinduzi yalikuwa 12 Januari 1964, kwa hiyo tarehe ya kabla ya hapo ni kichekesho.

Binti_Ngamiani: Mbili hazijatumika. Ya tatu... 1962 😩

Mzee_wa_Kibano: Hiyo mpe mtoto achezee. Hizo mbili zipige picha mbele na nyuma, gundi ionekane, kisha zipate cheti cha mtaalamu kabla hujataja bei. Zilizobaki kwenye albamu, kama ni mchanganyiko wa kawaida, mwuzie mchuuzi. Kopo la bahasha lisiingie kwenye laki mbili zake.

Binti_Ngamiani: Kanipigia sasa hivi, kafika tatu na nusu. Anauliza kopo.