Mrejesho: mama na misuli ya mapaja iliyokuwa ikipungua

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza kwa nini mama yangu, mwenye kisukari cha aina ya 2, anakonda mapaja na kushindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Nawashukuru sana nyote mliojibu, hususan aliyesisitiza kwamba figo zipimwe kabla ya kuongeza protini, kwa kuwa figo zilizodhoofika huhitaji mpangilio tofauti wa chakula. Zilikutwa salama, hivyo daktari aliruhusu mayai, dagaa au maharage katika kila mlo, akarekebisha dawa zake pia, akieleza kuwa insulini (homoni inayodhibiti sukari mwilini) isipofanya kazi ipasavyo mwili huvunja misuli yake wenyewe. Zoezi la kuketi na kusimama, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ndilo lililosaidia zaidi: sasa anainuka mwenyewe na kwenda msalani usiku bila kuniita. Kutembea peke yake hakukutosha. Uzito haujarudi, na ganzi ya nyayo ingalipo, kwa hiyo tunaendelea na kliniki na kumkagua miguu kila siku. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya mazoezi haya, maana inaweza kushuka ghafla.