Mbao gani kwa baraza la nje: ipe, cumaru, massaranduba au mtiki?

BarazaLaUani

Wakuu, salamu kwenu. Nataka kutandika baraza la mbao nyuma ya nyumba, mita nane kwa nne na nusu, limeinuka sentimita 35 hivi kutoka ardhini. Upande mmoja unapigwa jua kutwa nzima. Upande wa pili uko chini ya mti mkubwa, na mvua ikinyesha hapo hapakauki upesi. Watakaolitumia zaidi ni watoto, ambao viatu hawavitaki, na mama yangu mzazi anayetembea kwa mkongojo. Kwa hiyo vibanzi na utelezi ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Nimeletewa sampuli nne. Ipe ni nzito ajabu. Niliitia kwenye ndoo ya maji ikazama papo hapo. Cumaru ina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na nyuzi zake zinapishana, huku zinakwenda, huku zinarudi. Massaranduba ni nyekundu iliyokolea na ndiyo nafuu kati ya zile tatu za Amerika Kusini. Ya nne ni mtiki wa shambani, mwepesi, unanukia vizuri, ila pembeni una mstari mweupe wa upana wa vidole viwili.

Muuzaji ameshikilia ipe kwa hoja moja tu: ndiyo ngumu kupita zote. Naomba wenye uzoefu mniambie, ugumu ndio wa kuangalia kwanza? Na huo mstari mweupe kwenye mtiki una maana gani?

Fundi Randa

Karibu sana. Nafanya kazi za mbao za nje, na swali lako la ugumu nalipenda kwa sababu linawapoteza watu wengi.

Ugumu unaotajwa na wauzaji ni kipimo cha Janka: wanachukua gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28, wanaikandamiza mpaka nusu yake izame kwenye ubao, kisha wanasoma nguvu iliyotumika. Kwa kipimo hicho ipe inaushinda mtiki zaidi ya mara tatu. Ni sawa kabisa. Lakini kipimo hicho kinakueleza habari za miguu ya viti na visigino vya viatu. Kuhusu kuoza hakisemi neno, wala kuhusu kupinda. Mabaharia wametandika mtiki kwenye sitaha za meli kwa karne nyingi, kwenye chumvi na jua kali, na kwa Janka mtiki ni mbao ya kawaida tu.

Mimi naangalia mambo mawili kabla ya ugumu: ubao unahimili vipi kuoza, na unatanuka na kusinyaa kiasi gani. La kwanza kwako ni jepesi, maana ipe, cumaru na massaranduba zote ziko daraja la 1 la uimara kwa kiwango cha Ulaya cha EN 350, ambacho kinaanzia 1, iliyo bora kabisa, hadi 5. La pili ndilo linalozitenganisha.

Mbao ikitoka ubichi hadi ikakauka kabisa, ipe husinyaa kwa upana takriban asilimia 7.2, cumaru 7.7, massaranduba 9.4, mtiki 5.3. Hiyo ni kwa ubao uliopasuliwa bapa, ambao ndio mwingi sokoni. Sasa lete kwenye baraza lako. Chukua ubao wa upana wa milimita 140, na tuseme unyevu wake unapanda na kushuka pointi sita za asilimia kati ya kiangazi na masika, ambayo ni kama moja ya tano ya kusinyaa kote huko. Ipe itacheza milimita 2 hivi. Massaranduba itakaribia 2.6. Mtiki 1.5. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini skrubu zako mbili zimeushika ubao huo kulia na kushoto, nao lazima ucheze. Ukikosa pa kwenda unapasuka kwenye skrubu au unabinuka kingo juu. Na kwako ni kibaya zaidi, kwa sababu ubao mmoja kichwa chake kiko juani na mkia wake uko kivulini.

Kwa hiyo massaranduba mimi ningeiweka kando kwa eneo hilo. Si mbao mbaya, inadumu sana, ila inataka mahali ambapo hali haibadilikibadiliki.

Mstari mweupe kwenye mtiki: hiyo ni sehemu ya nje ya gogo, iliyo chini ya gome. Sifa yote ya mtiki iko kwenye kiini chake, kule kwenye mafuta. Ile nyeupe haina kinga, itaoza na mchwa wataila huku kiini kimesimama. Mtiki wa shambani ukivunwa mchanga unakuwa na weupe mwingi, na hata kiini chake hakijakomaa; ndiyo maana EN 350 inaupa mtiki wa kupandwa daraja la 1 hadi 3, si 1 moja kwa moja. Ukiweza kupata mbao za kiini kitupu, kwa miguu ya watoto ningeuchagua mtiki bila kusita. Haupati joto kama zile nzito za rangi ya giza, na kingo zake hazichomi.

Bi Msumeno

Naongezea upande wa karatasi, maana nachambua shehena za mbao kila siku na hapa ndipo watu wanapoumia.

Usinunue jina la biashara, nunua jina la kisayansi lililoandikwa kwenye ankara. Cumaru inauzwa sehemu nyingi kama mtiki wa Brazil, na haina undugu wowote na mtiki. Mvule nao unaitwa mtiki wa Afrika. Mtiki wenyewe ni Tectona grandis. Ipe ni Handroanthus, na karatasi za zamani zitaandika Tabebuia. Cumaru ni Dipteryx, massaranduba ni Manilkara.

Ipe ina alama yake. Kata kichwa cha ubao kwa kisu kikali, angalia vitundu: utaona unga wa njano ndani yake. Udondoshee maji ya magadi na huo unga utageuka mwekundu papo hapo. Ni kemikali iitwayo lapacholi. Nakwambia kwa sababu ipe bandia ipo, na kwa macho tu mbao nzito za kahawia zinafanana.

Halafu kuna sheria. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliziingiza ipe na cumaru kwenye Kiambatisho II, na utekelezaji ukaanza tarehe 25 Novemba 2024. Hazijapigwa marufuku. Maana yake ni kwamba shehena ikivuka mpaka lazima iwe na kibali cha nchi ilikovunwa. Mkongo wa Afrika, yaani Afzelia, uliingia mapema zaidi, Februari 2023. Muuzaji akisita kukuonyesha kibali, mwache na mbao zake. Mti wa ipe umetawanyika msituni, mmoja hapa na mwingine mbali kabisa, na kuufikia mmoja wanafungua barabara inayoharibu mingine mingi. Hili jambo linaniuma, na silioni kama la wanamazingira peke yao. Sisi tunaotandika mabaraza ndio soko.

Mzee wa Randa Mbili

Wadogo zangu mmesahau mvule. Unasinyaa asilimia 3.8 tu kwa upana, hata mtiki hauufikii, na uko daraja la 1 hadi 2. Tatizo lake ni mawe: ndani ya ubao kunajificha vipande vya chokaa vinavyong'oa meno ya msumeno. Basi tumia msumeno wenye meno ya kabidi.

BarazaLaUani

Asanteni sana, mmenifungua macho. Jana nilimwomba muuzaji jina la kisayansi la mtiki wake, akaniandikia vizuri, na amekubali kuchambua mbao za kiini kitupu kwa kuongezewa bei kidogo. Zikipatikana za kutosha nitachukua hizo. Zisipopatikana, ipe yenye kibali. Sasa nisaidieni: nafasi kati ya ubao na ubao niache ngapi? Na vibanzi navizuiaje? Muuzaji anazo pia zenye mifereji juu, anasema hazitelezi.

Fundi Randa

Mifereji achana nayo. Inashika maji na majani yaliyooza, na ute wa kijani ukishaota humo ufagio haufiki. Chukua ubao laini, usugue kwa brashi ngumu na sabuni kila unapouona utelezi umeanza, hasa upande wa mti. Ila mashine ya maji ya kasi usiisogeze karibu: inachimba sehemu laini na kuacha nyuzi zimesimama, na hivyo ndivyo vibanzi unavyoviogopa. Kingo za kila ubao zizungushe kwa randa, milimita 3 inatosha, na kisha upige msasa. Pale mkongojo wa mama unapopita, hakikisha vichwa vya skrubu vimezama kidogo.

Nafasi inategemea unyevu siku ya kufunga, kwa hiyo azima kipima unyevu. Mbao ikija kavu sana itanenepa, acha milimita 5 au 6. Ikija bado ina asilimia 18 au 20 itasinyaa, acha 3. Na usiache chini ya hapo kwenye upande wa kivuli, majani yataziba.

Toboa kwanza kwa keekee kabla ya kila skrubu. Kwa ipe hilo halina mjadala, vinginevyo skrubu inakatika shingo. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 kama kuna chumvi au bwawa la kuogelea karibu, 304 kwingineko. Chuma cha kawaida kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, kinaacha madoa meusi. Boriti za chini zisipishane zaidi ya sentimita 40 katikati kwa katikati, na upepo upite chini. Usizibe pembeni kwa ubao mzima hata kama inapendeza.

Kila ukikata kichwa, kipake nta siku hiyohiyo. Kichwa ndicho kinachopoteza maji haraka kuliko sehemu nyingine yoyote, na nyufa nyingi huanzia hapo.

Rangi: jua litaifanya mbao yoyote katika hizi iwe ya kijivu. Nguvu haipungui. Ukitaka kahawia ibaki, paka mafuta yenye rangi ndani yake, maana mafuta meupe matupu hayazuii jua, na utarudia kila inapoanza kufifia. Binafsi ningeiacha iwe kijivu na muda huo niutumie kusafisha upande wa mti. Na ukiangukia ipe, vaa barakoa wakati wa kukata. Vumbi lake linawasha macho na ngozi, na watoto wasiwe karibu mpaka pafagiliwe.