Naomba ushauri: kupinga thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, Texas

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Texas. Ofisi ya uthamini ya kaunti imeandika nyumba yetu ina futi za mraba 2,150, wakati ramani inaonyesha 1,980. Isitoshe, msingi una nyufa. Makadirio ya fundi ya gharama za kuutengeneza ninayo. Pingamizi niliwasilisha kabla ya Mei 15 kwa sababu zote mbili: thamani imezidi bei ya soko, na hailingani na ya majirani. Ofisi imekubali kupunguza thamani kwa kosa la futi tu, msingi wameuacha. Nikisaini makubaliano hayo, kwa mwaka huu ndiyo imetoka.

Je, bodi ya mapitio (inayosikiliza pingamizi msipoafikiana na ofisi) hukubali makadirio ya fundi na picha, au inataka ripoti ya mhandisi? Na nyumba tatu za jirani zilizouzwa karibu na Januari 1 (tarehe ambayo thamani hukadiriwa) zinatosha kulinganisha?