Nimwombeeje mwanangu aliyeniambia kwamba sala zangu ndizo zinazomfukuza nyumbani?

Mama Mwombezi ameuliza:

Bwana asifiwe, wapendwa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 16 ambaye nilimpeleka ibadani tangu akiwa mchanga, na ambaye hadi miaka miwili iliyopita ndiye aliyekuwa akitusomea Neno kila jioni kabla ya kulala. Sasa haendi kanisani, hujibu kwa kebehi hata akiulizwa jambo dogo, hurudi usiku bila kueleza alikokuwa, na siku asizotoka hujifungia chumbani mpaka asubuhi. Baba yake amechagua ukali, na hawapitishi siku bila kugombana. Mimi nimechagua maombi. Nimefunga, nimekesha, na kwa muda wa mwezi mzima nimekuwa nikisimama usiku mbele ya mlango wake nikiikemea kwa sauti roho ya uasi. Juma lililopita alifungua mlango, akanitazama kwa utulivu ulionitisha kuliko matusi, akasema: "Mama, hizo sala zako ndizo zinazonifukuza humu ndani."

Tangu siku hiyo nikipiga magoti sipati la kusema. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dada mmoja ninayesali naye alinikumbusha Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee," kisha akanyamaza, nami nikaelewa alichokusudia. Je, imani yangu ndiyo haba? Na nimwombeeje mtoto ambaye hataki hata kusikia kwamba anaombewa?

Baba wa Watatu amejibu:

Mama, pole sana. Nianze na huyo dada, kwa sababu aya aliyokutajia imewavunja moyo wazazi wengi bila sababu. Kitabu cha Mithali kinaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida katika maisha ya watu wanaomcha Mungu. Hakiandiki mkataba ambao mtoto akikengeuka basi mzazi ndiye aliyeuvunja. Katika Isaya 1:2 Mungu mwenyewe anasema kwamba amelisha watoto na kuwalea, nao wamemwasi. Sijamsikia mtu akisema kwamba Mungu alishindwa kulea.

Ila kuhusu mlango, niruhusu niseme jambo ambalo huenda likakuchoma kidogo, nalo nalisema kwa kuwa nimelitenda. Binti yangu wa kwanza alipoanza ukaidi, niliigeuza sala ya jioni ya familia kuwa mahali pa kumshtaki. Tulikuwa tumefumba macho sote, nami nikaomba, "Bwana, unamwona huyu anayekudharau wewe na wazazi wake." Niliposema amina nikakuta kiti chake ki tupu. Ilinichukua miezi kukiri kwamba usiku ule sikuwa nikizungumza na Mungu hata kidogo. Nilikuwa nikizungumza na binti yangu, nikamtumia Mungu kama kipaza sauti, tena kwa namna ambayo yeye hakuweza kunijibu bila kuonekana anabishana na Mungu. Mtoto anayesikia akikemewa kama pepo kupitia mlango hatambui kwamba anaombewa. Anasikia kwamba mama yake anamwona kuwa adui.

Hamisha tu mahali pa sala, mama, wala usiiache. Yesu alisema tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa Baba aliye sirini. Mlango anaoutaja ni wa chumba chako wewe.

Mzee wa Kanisa amejibu:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, nami ningependa kumleta hapa mama mwingine, kwa sababu tumezoea kumtaja kama mfano wa machozi tu na kusahau kwamba hata yeye alijifunza polepole. Monika, mama yake Augustino aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, alimzaa mwana huyo mwaka 354 kule Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Kijana alipokua, alijiunga na wafuasi wa Mani, mtu wa Uajemi aliyeanzisha dini yake mwenyewe, na kuidharau imani ya mama yake, naye Monika kwa uchungu akaanza kumkatalia kukaa naye nyumbani na kula naye meza moja. Baadaye aliota ndoto iliyomtia tumaini, akamrudisha mezani, ingawa Augustino alikuwa hajabadilika hata chembe. Alimrudisha kwanza, kuongoka kulikuja baada ya miaka mingi.

Alimwendea pia askofu mmoja na kumsihi azungumze na kijana. Askofu alikataa, akisema kwamba wakati huo hafundishiki, na kwamba amwache na kumwombea tu. Monika aliposisitiza huku akilia, askofu akamwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Mwaka 383 Augustino alimdanganya na kupanda meli usiku kwenda Roma, wakati mama akiwa katika sala akimwomba Mungu amzuie asisafiri. Ombi lile lilikataliwa. Lakini ni huko Italia, alikokuwa akiombewa asifike, ndiko alikokutana na askofu Ambrosi, akabatizwa Milano mwaka 387 akiwa na umri wa miaka 32. Mwaka huohuo Monika alifariki Ostia. Kwa hiyo, mama, usipime imani yako kwa majibu ya mwezi mmoja, wala usishangae ikiwa Mungu atakunyima kile unachokiomba usiku huu kwa ajili ya kile unachokitaka kwa moyo wote.

Neno moja kwa mzee wa nyumba, kwa heshima. Mfalme Daudi alimruhusu mwanawe Absalomu, aliyekuwa amekimbia, kurudi Yerusalemu, lakini kijana akakaa miaka miwili mizima bila kuuona uso wa mfalme, na mwisho wake tunaujua: alimwasi baba yake, akauawa. Kwa upande wa pili yupo kuhani Eli, ambaye alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Mipaka ni ya lazima: saa ya kurudi ijulikane, na matusi yasivumiliwe. Ila mpaka uwekwe na mtu ambaye mtoto anaweza kuuona uso wake, na Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa.

Kwa kuwa unasema hupati maneno, nakuandikia haya uyatumie mpaka yako yarudi:

"Bwana, huyu alikuwa wako kabla hajawa wangu. Sijui anakokwenda usiku, wewe unajua. Sijui anachokiogopa, wewe unakijua. Mlinde pale ambapo mkono wangu haufiki. Nionyeshe nilipomkosea, unipe ujasiri wa kumwambia. Akinijibu vibaya kesho, uuzuie ulimi wangu mpaka niwe nimemsikiliza. Amina."

Hata hayo yakikushinda, kaa kimya mbele zake. Warumi 8:26 inasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Aliyekuwa Mkaidi amejibu:

Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango kama huo, kwa hiyo nitasema machache. Mama yangu aliwahi kunihubiria kwa miaka, na sikumbuki hata hubiri moja. Ninachokumbuka ni usiku mmoja niliporudi nikiwa nimelewa, nikapita nje ya chumba chake na kumsikia akilitaja jina langu kwa sauti ya chini sana, bila kunilalamikia, akimshukuru Mungu kwamba nimefika salama. Hakujua nasikia. Sikuokoka usiku ule, ilichukua miaka minne zaidi, lakini tangu hapo sikuweza tena kujidanganya kwamba ananichukia.

Jambo moja ambalo wazee hawakuligusa: mtoto aliyekuwa akisoma Neno kila jioni kisha akabadilika ndani ya miaka miwili, huenda kuna kitu kilichompata. Kabla ya kukiita uasi, muulize, tena wakati ambao hakuna ugomvi. Ukiona hapati usingizi, hataki kula, anajiumiza, anatumia dawa za kulevya au anazungumzia kufa, usingoje jibu la maombi. Mpeleke kwa daktari au mshauri wa vijana siku hiyohiyo, nawe omba mkiwa njiani.

Mama Mwombezi amejibu:

Nimesoma yote mara mbili, na nimelia. Ndugu Mkaidi, swali lako limenipiga, kwa kuwa nimekumbuka kwamba mabadiliko yalianza baada ya kifo cha babu yake, na katika nyumba yetu hatukuwahi kumuuliza aliupokeaje msiba ule. Tulimwambia tu kwamba ni mapenzi ya Mungu, tukaendelea na sala ya jioni, tena yeye ndiye aliyesoma.

Jana usiku sikwenda mlangoni. Leo akirudi nitamwomba radhi kwa ule mwezi mzima, kisha nitamuuliza habari za babu. Mume wangu amesema atakaa nasi na hatasema kitu. Tuombeeni hasa hilo la pili.